Makofi Niliyompigia Kanali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimechuchumaa kweli, karatasi juu ya ndoo iliyofudikizwa, maana chumba nilichomo hakina meza. Makofi nimeyapiga kabla sijashika kalamu, yale ya polepole ya kwetu, kama mlivyonizoesha wewe na marehemu mama tangu sijaota meno ya pili. Huko mbele nitakueleza kwa nini siku hizi kila nikiyapiga mikono inakuwa mizito. Kifua chako kinaendeleaje na upepo huu wa kipupwe? Shangazi anakukumbusha kuvaa lile koti, au bado unasema koti ni la wazee? Huku joto halina adabu, na mara nyingi naikumbuka baridi ya Izia, tunavyogombania moto wa jikoni asubuhi.

Usishangae kwamba barua haina jina la mji wala tarehe. Anayekuletea ni dereva wa lori, Mtanzania mwenzetu, na kwenye vizuizi askari wanafungua kila kitu, hadi mikate wanaikata katikati. Wakiikuta, afadhali isiseme imetoka wapi. Najua ulimtarajia dereva huyu aje na mimi, si na karatasi. Kiti alinitengea kama ulivyoagiza. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Siku ile ya mwisho kabla wanajeshi hawajazima simu za mkononi, uvumi wa mapinduzi ukiwa umeshaenea, ulinipigia ukiwa unacheka. Ulisema, "Hao raia wana nini? Wana mawe na vigelegele. Nipe askari mia, mji wako naumaliza kabla ya chai." Mimi nikacheka pia, maana umekula mkate wa uaskari miaka mingi na hayo ni mambo yako. Kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia mimi ni mgeni, na mgeni hana upande. Ukasema nifanye kazi yangu, nisalimie wakubwa, ninyamaze, na dereva akipatikana nirudi nyumbani.

Baba, nilifanya kazi yangu, nikasalimia wakubwa, nikanyamaza. Barua hii ni habari ya yaliyotokana na hayo.

Asubuhi ya kwanza ya mapinduzi ilionyesha kwamba ulisema kweli tupu. Nilikuwa zamu kwenye kituo cha pampu, redio inapiga muziki wa gwaride, akaja mtu mwenye sauti kavu akasoma kwamba serikali imeondolewa. Kabla sijamaliza chai walikuwa wameshika redio, benki, daraja na ikulu. Kwetu kituoni hatukusikia hata risasi moja. Nikasema moyoni, baba anaijua kazi yake, mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kesho yake maduka hayakufunguliwa. Waoka mikate wakasema tanuri zimeharibika, zote, mji mzima. Madereva wa treni wakaugua kwa pamoja. Makarani hawakutokea ofisini, na askari wakakaa kwenye viti vyao, bunduki mapajani, simu zinalia na hakuna anayejua faili lipi liko kabati gani. Niliingia posta nikamkuta koplo mmoja anagonga mihuri kwenye barua moja hiyo hiyo, nadhani alikuwa anajifunza. Watu walikuwa wanakwenda kuwatazama kama wanavyotazama ng'ombe aliyeingia kanisani.

Kituoni kwetu mkubwa wetu alikuwa Bi Sabina, injinia, mama mfupi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye ndiye aliyenifundisha mabomba ya mji huu moja moja. Alitukusanya karibu na tanki. Akasema sisi hatutagoma, kwa sababu maji ni ya watu, si ya serikali, iwe ya jana au ya leo. Lakini siku tutakayoambiwa tumnyime mtu maji, siku hiyo kila mmoja avue ovaroli aende kwake. Wote wakakubali. Mimi niliitikia kwa kichwa tu, mgeni, mtu wa kunyamaza.

Siku chache baadaye Kanali aliyekabidhiwa mji na serikali mpya akaja kukagua kituo. Ni mzee, nywele nyeupe, anavuta mguu kidogo kama wewe wakati wa masika. Bi Sabina alikuwa stoo, wenzangu wako kwenye pampu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na lango. Baba, mwili wa Mfipa hauombi ruhusa. Nilimwona mtu mzima anaingia, na kabla sijawaza lolote magoti yalikuwa yameshakunjika na viganja vinapiga. Alifurahi sana. Akaniinua kwa bega, akaniuliza natoka wapi, akasema watu wa kwetu wamelelewa. Nyuma yake kulikuwa na kijana wa kamera. Nilimwona, wala sikumjali.

Jioni runinga ikanionyesha. Nimechuchumaa, ninapiga makofi, na buti za Kanali mbele yangu. Msomaji wa habari akasema wafanyakazi wa maji wameipokea serikali mpya kwa unyenyekevu na wameahidi kuitumikia.

Mlimani ninapokaa watu wanaijua salamu yangu. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Roza, miaka sita tunaamkiana hivyo kila asubuhi. Nachuchumaa mlangoni kwake napiga, naye anapiga na kucheka, na hajawahi kupatia, anapiga kama anayefukuza kuku. Chakula nakula kwake. Kwa hiyo nilidhani angalau yeye ataelewa. Aliendelea kuniwekea sahani, lakini sasa aliiweka nje ya mlango akarudi ndani. Muuza mkate alinipita kama nguzo. Bi Sabina aliniambia, "Mimi najua ni desturi ya kwenu. Mji haujui." Na Lidia, binti wa Mama Roza, fundi cherehani, msichana asiyezunguka katika maneno, alinisimamisha uani akasema mimi ni mtu mwema na ndiyo maana wamenichagua. Sikumwelewa siku ile.

Sasa huo mlima wetu ndiko makundi ya watu yalikokuwa yakitokea kila asubuhi kwenda kusimama mbele ya ofisi za mjini, mikono mitupu, wanaimba. Wakipigwa wanarudi, kesho wanashuka tena. Ikatolewa amri mlima ukatiwe maji mpaka utulie. Ofisa aliyeleta amri aliisoma kwa sauti. Bi Sabina akamsikiliza mpaka akamaliza, akavua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akatoka. Ramani ya mabomba ilikuwa tumboni mwake, chini ya gauni, hilo tulikuja kujua baadaye. Wenzangu wakavua wakamfuata. Nami nikavua, nikachukua mkoba. Langoni askari akanizuia kwa mkono kifuani, bila ukali. Akamwambia mwenzake, "Huyu abaki. Huyu ni mtu wetu."

Walijaribu kwanza bila msaada wangu. Ungewaona, Baba. Valvu za kufungia maji za mji huu zimefukiwa tangu enzi za wakoloni, nyingine zimepitiwa na lami juu, hazina alama, na bila ramani unatafuta sindano shambani. Walichimba kutwa nzima. Wakaipata moja, wakaizungusha kwa nguvu za watu wanne, wakashangilia. Kumbe wamejikatia maji wenyewe, kambi yao na nyumba zote za maofisa. Mji mzima ulicheka siku mbili. Hata mimi, niliyekuwa nimefungiwa kituoni, nilicheka kimoyomoyo, nikajiambia nitakuandikia habari hii: kwamba bunduki haijui bomba limepita wapi. Laiti barua ingeishia hapo.

Kanali akaja mwenyewe. Akaketi kwenye benchi karibu na mimi, akaomba maji ya kunywa nikampa. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia baba yangu alikuwa askari. Akataka kujua cheo chako, nikamtajia, akasema nikufikishie salamu zake. Basi zimefika. Hati yangu ya kusafiria alikuwa ameishika, anaipigapiga gotini taratibu kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sihitaji mji mzima unipende. Namhitaji mtu mmoja anayejua valvu iko wapi."

Hakunipiga. Natamani ningekuandikia kwamba alinipiga. Hakupaza hata sauti. Mimi ndiye niliyekaa pale nikakukumbuka wewe: fanya kazi yako, salimia wakubwa, nyamaza. Nikanyanyuka nikachukua ile spana ndefu. Nikawapeleka hadi kwenye kona ya chini ya mlima, nikafunua mfuniko wa chemba, lile shimo la valvu, nikazungusha mpaka valvu ikakaza. Barabara walikuwa wameshaisafisha, hakukuwa na mtu wa kuniona. Jioni waliniruhusu kwenda kulala nyumbani kwangu, kama mtu wao.

Siku mbili watu walivumilia kwa maji ya akiba. Ya tatu wanawake wakateremka na madumu kwenda mtoni, ng'ambo ya barabara iliyopigwa marufuku. Askari wa darajani wakafyatua risasi. Niliporudi kutoka kituoni alasiri nilikuta mlango wa mbao umeegemezwa ukutani uani kwetu, umelowa, nikajiuliza ni wa nani. Kumbe walikuwa wamembeba Lidia juu yake.

Mama Roza alitoka ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu ile picha ya runinga, kwa sababu hakujua kitu. Hakuna aliyejua ni nani aliyewaonyesha askari ile chemba. Akaniuliza kwa upole, "Huko kazini kwako maji yapo? Nataka kumwosha mwanangu."

Baba, nilikwenda. Nilijaza madumu mawili kituoni, nikapita vizuizi vitatu, na kote walinipungia mkono nipite. Nikayafikisha. Wakamwosha Lidia kwa maji yangu. Mama Roza alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru, na mimi nilisimama pale nikapokea hiyo asante. Katika maisha yangu sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Tulipotoka kumzika nilimwambia Mama Roza. Nilimwambia nyuma ya nyumba, bila kupamba, kwamba valvu ya kona ya chini ya mlima niliifunga mimi. Akaingia ndani. Asubuhi nilikuta mkoba wangu nje, nguo zimekunjwa vizuri. Mikunjo yake ile iliniumiza kuliko kama angenitupia mawe.

Nikaenda kwa Bi Sabina. Hakunifungulia. Nikakaa kwenye kizingiti mpaka jua likawa utosini, ndipo akafungua, akanisikiliza akiwa amesimama. Hakuniambia pole wala hakunitukana. Aliniuliza tu kama najua mti wa chuma unaoizungusha valvu una unene gani. Nikamwambia. Akasema valvu ikiwa wazi, mti ule ukikatwa chini kabisa, hakuna spana itakayoushika. Hawataifunga tena bila kuvunja barabara na kung'oa bomba zima. Akaingia ndani akanitolea msumeno wa chuma, umefungwa kwenye khanga.

Nilikwenda mchana kweupe, nimevaa ovaroli ya kituo, spana begani. Kwenye kizuizi wakanisalimia. Lakini kwenye kona ya chemba palikuwa na wanawake, na Mama Roza akiwa katikati yao, maana habari niliyomwambia ilikuwa imeshaenea na wao walikuwa wamejua chemba iko wapi, ila hawakuwa na spana. Waliponiona wakakaa juu ya mfuniko, wote, bega kwa bega. Walidhani nimetumwa kufunga na ya pili. Mmoja akanitemea mate miguuni.

Ningesema nini? Askari walikuwa wanatutazama kutoka kizuizini, na neno lolote wangelisikia. Nikaweka spana chini. Nikachuchumaa mbele ya Mama Roza nikapiga makofi, yale yale, kwa mwendo ule ule niliompigia Kanali. Sina mengine. Nilipiga nikakaa nikingoja, na hakuna aliyeitika. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Mwishowe Mama Roza akasimama, na wengine wakasimama.

"Fungua," akasema. "Nitahesabu."

Nikafungua. Alihesabu kila mzunguko kwa sauti mpaka spana ikagoma kwenda mbele, akasema tena nijaribu, nikajaribu, ikagoma. Kisha nikautoa msumeno kwenye khanga. Walinizunguka, wakaanza kugonga ndoo na madumu kama wanaodai maji, kelele tupu, na ndani ya kelele ile nikakata. Vidole viliniganda kwa maumivu. Kile kipande cha chuma kilipokatika nilikitumbukiza mfukoni, na ninacho hapa ninapokuandikia. Maji yalifika mlimani kabla jua halijazama. Watu walikinga, wengine walilia. Mama Roza hakukinga. Alirudi kwake akafunga mlango, na makofi hakunipigia, wala sikumtegemea anipigie.

Tangu siku ile mimi si mtu wao tena, nahama chumba hadi chumba. Usidhani nakuandikia habari za ushindi. Wamevunja barabara ile kwa sururu, wamefika nusu ya kina cha bomba. Wenzetu wawili wa kituoni walikamatwa kwa kosa langu. Mmoja amerudi na mikono ambayo haitashika spana tena, mwingine hajarudi, na mkewe ameacha kwenda kuulizia. Mkate haupatikani. Wapo waliochoka, wamerudi ofisini vichwa chini, na siwezi kuwalaumu, mimi nani. Mimi na Bi Sabina tunazungukia valvu nyingine kabla hawajazifikia. Tumekata nne. Zimebaki tano.

Uliniuliza, Baba, raia wana nini, yaani kama askari wanaweza kuushinda mji usiowataka. Nimelifikiria swali lako kuliko ulivyodhani ulipokuwa unalicheka. Wiki zile za mwanzo, mji ulipowaachia viti vitupu, niliona kwa macho yangu kwamba hawawezi. Walikuwa na kila kitu na hawakuweza hata kujipatia maji ya kunawa. Hawakuhitaji watu wengi wa kuwaokoa. Walihitaji mmoja, mwenye adabu, asiye na upande, anayejua valvu iko wapi. Wakampata. Wakimpata mwingine wa umeme, na mwingine wa mafaili, watatawala miaka. Wasipompata, watachoka. Hilo ndilo jibu langu, na mimi ndiye niliyekuwa upande mbaya wa jibu hilo.

Kwa hiyo sirudi na lori hili. Anayejua chemba zote zilipo ni mimi na Bi Sabina tu, na yeye magoti yake hayashuki tena kwenye shimo. Kwenye kiti changu dereva amepakia magunia. Mpokee vizuri, mpe ugali wa ulezi, amehatarisha mengi kwa karatasi hizi.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kukuuliza uso kwa uso. Marehemu mama aliwahi kunisimulia kwamba mimi nikiwa bado wa kubebwa, ulirudi likizo kutoka huko mlikokuwa mmetumwa, ukakaa nyumbani wiki nzima bila kumwamkia mtu. Wazee walikuja wakachuchumaa, wakapiga makofi, na wewe ukawatazama tu mikono ikiwa magotini. Yeye alisema ulikuwa na malaria. Mimi nimeishi na hiyo malaria miaka yote bila kuishuku. Lakini sasa mikono yangu nayo inagoma, na nadhani naijua ile wiki. Kama uliamriwa jambo na ukalifanya, sikuhukumu, nimeshakuonyesha mimi ni nani. Ninachotaka ni uniambie ulifanyaje ukaweza kuitika tena. Mwambie dereva kwa mdomo, usiandike. Atarudi huku mvua zikikaribia.

Nisalimie kaka Fidelis huko Mpui, mwambie asiwachoshe maksai wake kwa mashamba ya watu kabla ya letu. Dada Yustina akipanda kutoka Muze na mchele wake, mwambie ndugu yake ni mzima, na mengine usimwambie. Shangazi anayekutunza mpe shikamoo zangu nyingi, na katekista jirani yetu mwombe anitajie Lidia kwenye sala za Jumapili. Aseme tu ni dada yetu wa mbali.

Ni mimi mwanao, niliyechuchumaa mbele yako, ninangoja uitike,

Severini